Deki Mbili za Kumsikiliza Mwinyijuma

Mimi sikuficha: nilitaka ile deki ya zamani ya kuchezea CD. Nzito, ya chuma, fundi Mikidadi kaisafisha mpaka inang'aa. Ile mpya nyepesi, ukiigusa kwa kidole inasogea. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikamwambia. Akacheka. "Bi Tabia, zote mbili ziende nyumbani, mwenyewe achague."

Mwenyewe ni mdogo wangu Batuli. Yuko eda, mwezi wa pili sasa, hatoki. Deki yao iliharibika wiki ile ile aliyofariki mumewe, Mwinyijuma, na sauti ya marehemu imebaki kwenye CD moja tu, ya maulidi aliyosoma siku ya akika ya binti yao, Wahida. Batuli hataki kingine ila kuisikia tena.

Basi Mikidadi akakaa barazani, kaupa mlango mgongo kama adabu inavyotaka, akawa ananielekeza nyaya kupitia dirishani. "Nyekundu kwa nyekundu, Bi Tabia." Utadhani mimi kipofu.

Tukaanza na ya zamani. Sauti ikaja nene, Mwinyijuma mwenyewe yuko pale mkekani. Batuli akalia, nami nikalia. Nikasema, si niliwaambia? Ilipofika kwenye dua ikakwama, ikawa inarudia neno moja. Pana mkwaruzo pale. Hata deki yao ilikuwa ikikwama papo hapo, miaka yote wakiizima.

Tukatia mpya. Sauti nyembamba, nikabinua mdomo. Lakini kwenye mkwaruzo ikaruka, ikaendelea. Dua ikaisha, watu wakaitikia amina, sahani zikaanza kugongana. Kisha Mwinyijuma, hajui kwamba bado anarekodiwa, akasema kwa sauti ya chini: "Batuli yuko jikoni tangu alfajiri, hajala. Mpelekeeni chakula kabla pilau haijaisha."

Batuli akanigeukia. Chakula kile nilikipeleka mimi. Miaka kumi na minane amekuwa akinishukuru, akiwasimulia watu kwamba siku ile mumewe alimsahau, dada yake ndiye aliyemkumbuka. Nami nilizipokea shukrani zote, nisiseme neno.

"Dada," akaniuliza, "alikutuma yeye?"

Nikamjibu: "Alinituma yeye, mdogo wangu. Mimi nilibeba tu."

Bora angenigombeza. Aliniomba tu niirudishe nyuma kidogo, amsikie tena.