Taa za Landkruza ya Shemeji

Dada yangu Praxeda alinipigia simu nikiwa nimelala chini ya dashibodi ya pikapu ya mtu huko Rwezamenyo, testa ya umeme nimeibana kwa meno. Hakunisalimia. Alisema alfajiri ile shemeji yangu alimkosakosa mtu wa baiskeli kwenye kona ya kushukia Gahanga, na wiki iliyopita aliparua kingo za daraja, kwa hiyo niache ya watu nije kwao Rebero nimtengenezee taa. Nikamuuliza, una hakika ni taa? Akanyamaza, na Praxeda akinyamaza ujue pana jambo. Kisha akasema, "Ni taa, Flaviana. Njoo utengeneze taa."

Nilikwenda na hasira, maana kwangu mimi hasira ndiyo hutangulia, woga hufuata nyuma. Praxeda anauza mboga. Kila siku kabla hakujapambazuka, Tito mumewe huwapakia yeye na jirani yao Mukarugwiza kwenye Landkruza, wakateremka hadi Bugesera kuchukua magunia na kuyawahisha sokoni. Barabara ile gizani ina baiskeli zisizo na taa, ina ng'ombe, ina kona za kutosha. Kama si taa, basi asubuhi moja ningepigiwa simu nikautambue mwili wa dada yangu. Sikutaka kubishana na hilo kichwani. Nilitaka mita yangu iniambie.

Tito ni Mnyarwanda aliyekulia kwetu Karagwe. Alipomwoa dada yangu na kuhamia naye Kigali alikuja na Landkruza hiyohiyo, usukani kulia katika nchi ambayo watu huendesha kulia, na kila aliyemshauri aiuze alirudi na majibu yake. Kati yangu na yeye ni utani mtupu, kama ilivyo ada ya mashemeji. Naweza kumwambia mbele ya wageni wake kwamba kichwa chake ni gunzi, naye akaniagizia soda. Siku ile alinipokea uani akaniuliza kama nimeleta spana au nimeleta tumbo. Nikamwambia vyote viwili, na tumbo ndilo limetangulia.

Nilianzia kwenye betri. Injini ikiunguruma, betri ilikuwa na volti karibu kumi na nne. Kwenye balbu zilifika kumi na moja kasoro. Zilizobaki zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya wembamba uliochoka, kwenye viungio vilivyoota kutu ya kijani, na kwenye swichi ya taa, kwa sababu umeme wote wa taa ulikuwa unapita ndani yake. Nikaigusa swichi, ilikuwa inaunguza. Sitaficha, nilifurahi kama mtu aliyeokota. Ubovu upo, nimeupima, unatengenezeka. Nikamwita Praxeda nikamwonyesha mita. Akasema, si nilikwambia, akarudi jikoni, lakini uso wake haukufunguka hata kidogo. Nikadhani ni uchovu wa kuamka na jogoo.

Dawa ya ubovu huo inajulikana. Unafunga rilei mbili, swichi zinazowashwa kwa umeme, karibu na betri, moja ya fulu na moja ya dimu, unavuta waya mnene wenye fyuzi yake kutoka betri hadi kwenye balbu, na ile swichi ya zamani unaiachia kazi ndogo ya kuiamsha rilei. Nikafunga kama ninavyofunga kwenye magari mengine yote. Nilipounganisha betri, taa zikawaka zenyewe. Nikazima swichi, zikaendelea kuwaka.

"Shemeji," akasema Tito, "hizi nitakuwa nazizima kwa kupuliza?"

Nilijitukana kimoyomoyo. Katika Landkruza kuukuu kama ile, moto unakaa kwenye balbu muda wote, na swichi kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya umeme kurudia kwenye bodi ya gari. Jambo hilo nalijua kama jina langu, nimewahi kuwacheka mafundi waliolisahau. Lakini akili yangu ilikuwa Gahanga, kwenye kona, na mtu wa baiskeli. Nikafungua tena, nikautoa mguu mmoja wa rilei kwenye bodi nikauunga kwenye waya wa swichi. Wakati huo nilimnyooshea Tito koleo anishikie. Mkono wangu ulikuwa pembeni ya bega lake, karibu kabisa, naye hakulipokea koleo mpaka nilipomgusa. Nikamwambia uzee huo umeanza. Akacheka, ila alichelewa kucheka.

Jua lilipozama nilielekeza gari kwenye ukuta wa uzio nikaseti mwanga, uiname chini na kulia, upande wetu, usimpige macho anayekuja. Ulikuwa mweupe, umekaza, kila ufa wa ukuta unauona. Tito alisimama mbele ya ukuta ule kitambo, kisha akasema twende tukajaribu barabarani. Praxeda akatoka jikoni anajifuta mikono, anataka kupanda na yeye. Mumewe akamwambia aangalie sufuria, taa hazijaribiwi kwa kwaya. Dada yangu akashika dirisha la upande wangu.

"Flaviana," akasema, "zungumza naye njiani."

Nikaona ni mambo yake ya kupenda maneno. Praxeda ndani ya gari hafungi mdomo. Huyo mama wa ndizi leo kawahi, wale vijana wa baiskeli hawaogopi, tazama ng'ombe wa watu walivyonona. Tumemcheka kwa hilo miaka mingi. Mimi sikuzungumza. Nilikuwa nasikiliza rilei na kutazama mwanga unavyolala barabarani, na niseme kweli, nilikuwa najisifu.

Tulishika njia ya vumbi inayozunguka kilima. Mwanga ulifagia mpaka chini bondeni. Tito alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imetangulia mbele, anatabasamu. Akasema anaona mpaka Bugesera. Nami nikaona, mbali bado, mtu anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ukingoni mwa barabara upande wa kulia, upande wa Tito. Shati lake lilikuwa jeupe. Nikasubiri Tito apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikajiambia amemwona, dereva wa siku zote, atamkwepa. Tukasogea. Niliyahesabu madumu yake, niliuona mkanda wa mpira alioyafungia, na mguu wa Tito ulikuwa bado umekanyaga mafuta, na lile tabasamu liko palepale usoni.

Nilirukia usukani nikauvuta kushoto. Gari likayumba, Tito akakanyaga breki kwa nguvu zote, tukasimama katikati ya barabara na vumbi likatupita. Dumu moja lilikuwa limeanguka, maji yanamwagika. Yule mtu alikuwa mzima. Alikuja mpaka dirishani kwa Tito, akainama kumtazama usoni. Nilidhani atatukana. Alipouona uso ule sauti yake ikashuka.

"Muzee," akasema, "na mataa yote hii, hauoni mutu?"

Mimi ndiye niliyeshuka nikamwomba radhi, nikamsaidia kulifunga dumu lake upya, akaondoka akigeuka nyuma mara kwa mara. Nilipopanda nilikuta shemeji yangu amezima injini lakini taa ameziacha. Nikawa najua, na sikutaka kuwa najua. Nikamuuliza ameanza lini kutoona.

Alisema ni presha ya macho. Alikwenda kwa daktari peke yake, hakumwambia mtu. Mbele anaona, kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Pembeni hakuna kitu. Daktari amempa dawa ya matone ya kuzuia isiendelee, lakini nuru iliyokwenda haitarudi. Aliniambia yote hayo akiwa anatazama mbele, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni.

"Na Praxeda?" nikauliza.

"Yeye hajui," akasema. "Maneno yake tu ndiyo yananisaidia. Anavyopenda kuongea, nasikia nani yuko wapi."

Huyu mtu amelala na dada yangu miaka yote hiyo na bado anadhani ni maneno tu. Mama wa ndizi, vijana wa baiskeli, ng'ombe wa watu. Dada yangu alikuwa anamwendeshea gari kwa mdomo, kila alfajiri, na roho yake mwenyewe ameiweka kiti cha mbele. Nilimwonea huruma, halafu nikamkasirikia mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu Mukarugwiza naye huwa ameketi nyuma na hakuna aliyemuuliza.

"Shemeji," akasema Tito, "nakuomba kitu kimoja. Rudisha waya za zamani."

Nikamwambia sijaelewa, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Taa zikiwa mbovu, nitasema sitoki alfajiri kwa sababu ya taa. Hakuna atakayeniuliza zaidi. Umeziponya, sasa nitasema nini?"

Utani unaruhusu mengi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kukata waya mbili tu, na koleo lilikuwa mfukoni. Ningekata, angebaki na heshima yake mwezi mmoja, miwili. Kisha angetokea mtu wa kumletea swichi mpya, au Praxeda angempata fundi mwingine, na siku moja angeshika tena usukani, maana mtu aliyezoea kuwa dereva hujidanganya upesi. Nikamwambia ahamie kiti changu. Alihama bila ubishi, na hilo liliniumiza kuliko kama angebisha. Niliendesha mimi mpaka karibu na nyumbani. Pale akaniomba angalau aingie getini mwenyewe, mkewe asimwone amekaa kushoto. Nikamwachia hatua hizo chache, mkono wangu nikiwa nimeuweka tayari kwenye breki ya mkono.

Praxeda alikuwa amesimama uani. Hakumuuliza mumewe, aliniuliza mimi, kabla hata sijafunga mlango.

"Taa zimekubali?"

Nilijua anataka nijibu nini. Wote wawili walikuwa wananisubiri niseme uongo uleule, kwamba ubovu ulikuwa wa taa, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

"Taa ni nzima, dada," nikasema. "Hazina ubovu wowote. Si taa."

Alinifikia kwa hatua mbili. "Uliitwa kutengeneza gari," akaninong'oneza. "Nani kakuita uje uvunje nyumba yangu?" Akanishika ovaroli kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaanza kunipiga begani, ngumi juu ya ngumi, bila sauti, ili Tito asisikie. Nilisimama nikapigwa. Yeye ni mkubwa wangu, na kama kupiga kungemsaidia ningempa na bega la pili.

"Mama Ganza, mwache," Tito akamwambia mkewe.

Alikuwa bado amekaa kwenye usukani, mlango uko wazi. "Mwambie Mukarugwiza atafute gari lingine la kesho. Mimi sioni."

Praxeda akamjibu haraka haraka kwamba anaona, amechoka tu, vumbi la siku hizi limezidi, unaona vizuri Baba Ganza, lala tu kesho utaamka salama. Mkono wake ulikuwa bado umenikamata. Tito alimwacha amalize. Kisha akatoa mguu mmoja nje ya gari, akapapasa nao hewani, akaurudisha ndani.

"Sioni pa kukanyaga," akasema. "Njoo unishushe."

Dada yangu akaniachia, akaenda.