Swali la Kumi

Katika shule nzima hakuna aliyemfikia Mwalimu kwa somo la ufahamu, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wote. Siri yake ilikuwa ndogo tu: soma swali kwanza, shika neno moja, lisake kwenye habari, ukilipata nakili sentensi. Watoto wa darasa la sita walimaliza maswali tisa kabla hajakaa kitini. Kama walielewa walichokiandika, hakuna aliyewahi kuuliza.

Akaja mkaguzi, mtu asiyejua kupaka maneno asali. "Mwalimu, watoto wako wananakili, hawasomi," alimwambia mbele ya wenzake. "Watungie habari mpya, kisha ongeza swali la kumi ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Walipate kwa kufikiri." Mwalimu wa hisabati alicheka chini chini, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Basi akatunga. Mtunzi mvivu huchungulia nyumbani kwake, naye akamwandika mumewe, fundi wa mashine katika kiwanda cha mbao, bila kumtaja. Aliandika kwa mapenzi, tena na majivuno kidogo. Kwamba baba huyu zamani alirudi na maranda hadi kwenye nyusi, lakini siku hizi ni msafi, na ovaroli yake hurudi jioni na mikunjo ileile ya pasi ya asubuhi. Kwamba zamani alipaza sauti nyumbani kwa kuzoea kelele za misumeno, lakini sasa anaongea kwa upole. Kwamba zamani akishakula alisinzia palepale, lakini sasa anakaa na watoto kwenye madaftari yao mpaka walale. Swali la kumi likauliza: Baba huyu ni mtu wa namna gani? Toa ushahidi. Jibu alilolitaka lilikuwa mchapakazi.

Wanafunzi thelathini na tisa wakaandika mchapakazi. Wa arobaini alikuwa Kobe.

Huyo Kobe, jina la utani alilopewa na wenzake, alikuwa msichana anayesoma kwa kidole, neno moja moja, na kwa kawaida kengele ilimkuta kwenye swali la nne. Safari hii aliyaruka yote tisa akajibu la kumi peke yake: "Baba huyu hana kazi. Anawaficha." Mwalimu alicheka, akachora sifuri nyekundu iliyonona, na wakati wa mapumziko akamwita mezani.

"Haya, mwanangu, hili umelitoa wapi?"

"Kwenye habari, Mwalimu."

"Habari gani? Si mimi niliyeiandika?"

Kobe akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa. Ovaroli ina mikunjo ya pasi. Mjomba wangu yuko kiwanda cha mbao, Mwalimu. Akirudi tunampangusa nje kwanza ndiyo aingie." Kidole kikateleza. "Na hapa. Mjomba ukimwambia karibu chakula, anaitika 'eeh?' mara tatu. Wale hawawezi kuongea polepole, masikio wameyaacha kazini." Kidole kikashuka tena. "Na hapa, jioni hachoki. Kwa nini hachoki?"

Mwalimu akaivuta karatasi, akaisoma upya.

"Nisiyemwelewa mimi ni mkewe tu," Kobe aliendelea kwa uso mkunjufu, maana kwake hayo yalikuwa mambo ya karatasini. "Mbona anayaona yote hayo na haelewi?"

"Nenda kacheze," Mwalimu akasema.

Vipindi vilivyobaki alifundisha asijue anafundisha nini. Jamani, miaka kumi na minne chini ya paa moja! Alijitetea moyoni: labda amehamishiwa ofisini, labda wameleta mashine za kisasa zisizopiga kelele. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye nguo chafu, akapindua mifuko ya ovaroli ya jana. Zamani ungetoa humo ngumi nzima ya maranda. Leo hata unyoya mmoja wa mbao hakuupata. Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alifagia maranda mlangoni, akashindwa, na kule kushindwa ndiko kulikomtisha. Tena aliushukuru ule usafi! Akauandikia hata habari, akawagawia watoto wa watu arobaini.

Saa kumi na mbili mumewe akaingia, begi begani. "Za kutwa, Mama Watoto?" alisema kwa upole. Upole uleule aliokuwa akijivunia, leo ulimchoma kama mwiba.

Hakumpokea begi. Alikuwa amejiandaa kufoka, maneno yamemjaa kinywani, lakini alipomtazama usoni yote yakamkauka. Akamsukumia karatasi mbili, ile ya habari na ile ya Kobe.

"Nisaidie kusahihisha," ndilo lililomtoka.

Mwanamume akaketi, akaanza kusoma. Mwanzoni alitabasamu, maana alijitambua. Kisha tabasamu likaondoka. Akaanza kusoma kwa kidole, neno moja moja, na alipofika mwisho akarudi tena juu. Watoto wao walikuwa wakikimbizana uani.

"Huyu mtoto umempa ngapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Sifuri."

Akavua kofia yake ya kazini, safi kabisa, akaiweka mezani katikati yao.

"Walileta mashine mpya, wakatuachisha kazi kwa kiinua mgongo," alisema. "Miezi mitano sasa. Mrudishie mtoto wa watu maksi zake."