Kalenda ya Dona Iracy

Ukiuliza nani kaibomoa nyumba ya Dona Iracy, watu wa mlimani kwetu watakwambia serikali ya jiji. Wananisitiri tu. Niliibomoa mimi, Marlúcia, kwa kamera na kalamu ya wino mweusi.

Tulikuwa kumi na mmoja kwenye kikundi chetu cha picha, mafundi cherehani, wasusi, waendesha pikipiki. Kila Jumamosi tulianika picha uchochoroni kwenye kamba za nguo, watu wajione: huyu anakaanga samaki, yule anapandisha mtungi wa gesi ngazi mia mbili. Sheria aliiweka Jurandir, fundi umeme aliyeanzisha kikundi: chini ya kila picha andika jina, uchochoro na namba ya mlango. Kwenye ramani ya jiji mlima wetu ni kijani kitupu, utadhani hapa wanaishi nyani. "Tukiandika, nani atasema hatupo?" alikuwa akituambia. Mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, basi kiherehere changu usiseme.

Dona Iracy ni mama yangu wa ubatizo. Alipotimiza miaka sabini nilikwenda kumpiga picha na keki yake ya mahindi. Nyuma yake ukutani palining'inia kalenda ya kanisa, kubwa, ya karatasi ya kung'aa, mwanga wote unanirudia machoni.

"Mama, tuitoe hiyo kalenda."

"Iache hapo hapo. Inaficha ufa."

"Kwani ufa nao unaona haya? Ukuta mtupu ndio unapendeza."

"We mtoto, umeanza kunitawala kwangu!" Akacheka, akaitoa.

Ufa wenyewe ulikuwepo tangu mumewe yu hai, kutoka darini hadi sakafuni, na nyumba haijasogea hata unywele. Nikapiga. Ilitoka picha, jamani! Bibi anacheka mpaka macho hayaonekani.

Ikachaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya mjini. Siku ya ufunguzi bwana mmoja wa shati jeupe alisimama mbele yake muda mrefu. Nikajua imemgusa.

"Hapa ni wapi hasa?" akauliza.

Maandishi yalikuwepo, lakini mjinga mimi nikamwongezea: panda ngazi za bombani, pinda kwa muuza mikate, mlango wa bluu. Akanishukuru, akayapiga picha maandishi yangu kwa simu. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Wiki ya tatu yake, mlango wa bluu ulikuwa umepakwa namba nyekundu. Kumbe yule bwana alikuwa mtu wa idara ya makazi, na jiji lilitaka kupitisha pale barabara ya watalii wapande kutazama bahari. Lilikuwa linatafuta nyumba ya kuiita hatari. Kwenye kikao walichotuitia akafungua faili, ukurasa wa kwanza picha yangu.

"Ufa mmeupiga picha wenyewe," akasema, "na anwani mmetuandikia wenyewe."

Jurandir alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Dona Iracy, na goti lake bovu, alipewa chumba ghorofa ya nne, mwisho kabisa wa jiji, kwa watu asiowajua hata mmoja.

Asubuhi walipokuja na nyundo nilikwenda kumwomba radhi. Hakuniacha nimalize.

"Nyamaza. Kamera unayo?"

"Ninayo, mama."

Akarudi ndani. Wale wa nyundo wakamfokea, "Bibi, toka huko!" Hata hakugeuka. Alitundika kalenda kwenye msumari wake uleule, akainyoosha kwa kiganja, akasimama mbele yake. Hakucheka.

"Haya, piga. Iking'aa, na ing'ae."

Nikapiga mara moja, machozi yananitiririka, sioni ninachopiga. Kisha akaishusha kalenda, akaikunja, akaiweka kwapani, akashuka ngazi moja moja bila kukubali mkono wangu.

Picha hiyo iko sandukuni. Jurandir ananisumbua kila Jumamosi niianike, niiandike chini kama sheria yetu inavyotaka. Niandike nini, mlango upi? Mwanga wa kalenda umemfuta mama yangu nusu ya uso. Ila ufa, hata uutafute vipi, hauonekani.