Kofia Iliyoachiwa Mshono

Miaka ishirini nimeshona magauni ya maharusi, na hakuna kitambaa kilichowahi kunitoa jasho. Halafu bonge la uzi wa njano na karatasi moja ya maelekezo vikaja kuniumbua mchana kweupe.

Mdomo ndio ulioniponza. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba ya miezi tisa, akifuma vitu vya mtoto kwa kulabu bila hata kutazama. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kitoto. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Haya, wifi. Chukua karatasi hii, fuma kofia mpaka mwisho bila kuniuliza. Nikitoka hospitali nikaikuta tayari, jina la mtoto utatoa wewe."

Weee! Mama yetu alifariki mwaka jana, na nilitamani mno jina lake lirudi nyumbani. Ila upande wa wifi nao walikuwa na bibi watatu kwenye foleni.

Nikaanza. Mzunguko wa kwanza, vitanzi sita. Wa pili, kumi na viwili. Wa tatu karatasi ikasema: "* kitanzi kimoja, kisha viwili kwenye tundu moja * mara sita." Mimi kwenye michoro yangu ya magauni, nyota maana yake ni moja tu: hapa weka shanga. Nikaweka shanga, tena sita sita. Maneno yakaisha, na bado vitundu kumi vinanitazama.

Siku mbili nilizunguka na karatasi ile mfukoni. Ya tatu, nikipiga pasi, akili ikafunguka: nyota si shanga, ni milango! Unaingia huku, unatokea kule, unarudi tena kuingia, mara sita, na vitundu vyote vinapata kazi. Nilipiga kigelegele, nikamshika mikono mteja aliyekuja kupimwa suruali, tukazunguka meza.

"Nyota ni milango!"

"Hongera, fundi," akasema, macho yake kwenye mkasi uliokuwa mezani.

Shanga sikuzitoa, maana zilikuwa zimependeza. Nikafuma kama niliyepandwa na kichaa, mizunguko ishirini.

Alhamisi wifi akarudi kutoka hospitali na mtoto wa kike. Nikamkabidhi kofia kwa mikono miwili. Akaigeuza, akahesabu vitanzi kwa kucha.

"Wifi, mbona kila mzunguko umezidisha kimoja?"

"Hicho cha mshono."

"Mshono upi? Kofia haina mshono!"

Fundi gani anakata nguo bila kuacha nafasi ya mshono? Mkono wangu ulikuwa umeacha wenyewe, kila mzunguko. Mtoto angeingia mle mzima na nepi yake. Tukacheka mpaka kaka akaja mbio akidhani kuna msiba. Kisha nikakumbuka jina la mama, na kicheko kikanikauka.

"Nimeshindwa, wifi."

Aliivaa yeye ile kofia, na shanga zake zote, ikamkaa sawasawa.

"Nilisema kofia. Kwani nilisema ya kichwa cha nani?"

Mtoto alikuwa ameamka kwa kelele zetu, analia. Wifi akamwinamia.

"Pole, mama mkwe," akamwambia. "Njoo unyonye. Binti yako amekufumia kofia, na ndiyo hii nimeivaa mimi."