Betri za Boti ya Zahanati

Kwa miaka kumi na moja, betri za boti ya zahanati zilikuwa mikononi mwa fundi mmoja, dada mkubwa kwao. Zilikuwa mafungu mawili: moja la kuwashia injini, jingine la taa, redio na friji ya chanjo. Injini ikishaunguruma, yeye ndiye aliyejua chaji iingie fungu la kwanza kwa muda gani, kisha azungushe swichi kwenda la pili. Nahodha mwenyewe hakuthubutu kuigusa.

Muuguzi alipolalamika kwamba friji inapoteza ubaridi, nahodha akamwita mdogo wake huyo dada, naye fundi, aliyerudi juzi kutoka bandari kubwa. Mdogo akafunga kifaa kidogo kama kisanduku cha sabuni, kinachogawa chaji chenyewe: fungu la injini likijaa, umeme unahamia la pili. Swichi ya dada ikang'olewa, ikaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

"Huyu binti ni kiboko!" nahodha akasema. Nyumbani mama naye akadakia, "Si nilisema? Huyu tangu mtoto kichwa chepesi." Dada akajifanya anatafuta chumvi.

Asubuhi moja, akiwa peke yake chini ya sitaha, akachukua spana, akalegeza nati ya waya unaopeleka chaji fungu la pili. Mizunguko mitatu tu. Rohoni alisikia raha.

Kufika adhuhuri friji ikazima. Muuguzi akahamishia chanjo kwenye kasha la barafu mbio mbio, na nahodha akamgeukia mdogo mtu. "Ndicho hiki kifaa chako cha kisasa?"

Mdogo akapiga magoti, akapapasa waya. Kando ya betri ilikuwa imesahaulika spana yenye utepe mwekundu, ya dada yake. Akaitia mfukoni kimya kimya.

"Samahani, nahodha. Nati sikuikaza vizuri. Kosa langu."

Hapo ndipo dada alipochomwa hasa. Yaani hata kwa wema azidiwe!

"Anadanganya," akaropoka. "Nimeilegeza mimi."

"Dada, si nilikuwa nimeshakusitiri?"

"Nani alikuomba?"

Nahodha akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa chumba cha betri kutoka kwa dada, akampa mdogo. Dada akabakiziwa pampu na taa.

Wiki tatu nzima maneno kati yao yakawa ni nipe koleo, shika hapa, basi. Halafu siku moja mdogo akiwa ameinama anapima betri, dada akachuchumaa kando yake.

"Hicho kidude kinajuaje kwamba la kwanza limejaa?" Sauti ilitoka kavu, wivu ulikuwa bado umemkaba.

"Kinapima nguvu ya umeme. Sogea, hapo huoni."

Dada akasogea, uso kaukunja vilevile, akapokea kipimo.