Korongo wa Dornau

Baba yangu, Bwana Volkmar wa Dornau, alikufa wiki ya kuchuma zabibu bila kuacha mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kwa desturi yetu, siku ya mazishi ngao yake yenye picha ya korongo ilipaswa kuvunjwa na kutupwa kaburini, na ukoo utangazwe kuwa umekwisha. Mimi Jutta, binti yake, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kaburini, mzima wa afya. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, hata baridi sikuisikia.

Nilimwendea Mzee Gerwin, mtangazaji wa nembo, yaani msimamizi wa ngao za koo, aliyekuwa ameshika shoka.

"Mzee wangu, usiivunje. Mimi nipo."

"Upo, mwanangu, nakuona. Ila ngao hairithiwi na mwenye gauni."

"Mwenye gauni ndiye aliyempaka rangi huyo korongo miaka tisa, macho ya baba yalipofifia."

"Na umempaka vizuri. Haya, sogea kidogo."

Shangazi Mechthild alinivuta mkono. "Hebu muache! Ubao tu huo. Utaolewa, utapata ngao nyingine, labda yenye nguruwe."

Sikucheka wala sikukasirika. Nikasogea.

Gerwin akapiga. Shoka likadunda. Akapiga tena, mara ya tatu, ya nne, na korongo mweupe bado amesimama kwa mguu mmoja kwenye ngao yake ya buluu. Wapanda farasi wa jirani wakaanza kuangua vicheko.

"Gerwin, mpe mkeo hilo shoka!" mmoja akapaza sauti.

Sababu niliijua mimi peke yangu. Majira ya baridi yaliyopita niliitia ngao ile ngozi ya ng'ombe kwa ndani, tabaka mbili, kwa gundi ya kwato. Nilitaka idumu.

Gerwin alikuwa akihema. "Isipovunjika baba yako hafukiwi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tutakesha hapa."

Nilimtazama baba mle shimoni, sanda imeanza kulowa manyunyu, na watu wanacheka. Ningenyamaza tu, ngao isingevunjika, nami ningebaki wa Dornau walau mpaka jioni. Nilipiga magoti, nikapapasa chini ya mguu wa korongo mpaka nikapata mahali mbao zilipoungana.

"Piga hapa," nilimwambia.

Ikapasuka kwa pigo moja. Gerwin akavitupa vipande shimoni, akatangaza mara tatu:

"Dornau leo, Dornau basi!"

Watu wote wakaitikia amina. Na mimi niliitikia.