Bima ya Dada

"Fungua mlango!"

Fundi hakufungua. Alikuwa amejifungia ndani ya pikapu, milango yote miwili kaibana, vioo kavipandisha juu, na mkononi ana wembe uleule anaofumulia makochi ya watu. Mbele yake, kwenye pembe ya kioo cha mbele, ilikuwepo stika ya bima yenye jina lake. Nje, mdogo wake alikuwa anapiga boneti kwa viganja viwili kama mtu anayeamsha waliolala kwenye nyumba inayoungua.

"Dada! Hilo gari ni langu! Nimelinunua!"

"Nani kakwambia nataka gari?" Fundi alijibu bila kumtazama. "Nimefuata jina langu."

Alilowesha kitambaa kwa maji ya moto aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai, akakibandika juu ya stika, akangoja. Gundi ina kiburi chake. Ukiivamia inakuchania kitu chako, ukiibembeleza kwa joto inalegea yenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, kubandua kitambaa kikuukuu kwenye mbao bila kuumiza mbao. Lakini makochi hayapigi kelele, na hayana mama.

Pikapu ilikuwa yake. Aliitumia kubebea makochi kutoka karakana kwenda kwa wateja, akaichoka, akaamua kuiuza. Mama yake alipopata habari alikuja mbio. "Muuzie ndugu yako," alisema, "gari lisitoke nyumbani." Ndugu mwenyewe ni kitinda mimba, na mtaa mzima unamwita Bosi kwa sababu mama yake alimwita "bosi wangu" tangu ananyonya. Mtoto akiitwa bosi kabla hajaota meno, akiyaota anaanza na kuwang'ata wa nyumbani. Hata hivyo Bosi alilipa yote, mkono kwa mkono, na kwa hilo Fundi hana la kumlaumu. Alimwambia kitu kimoja tu wakati anamkabidhi ufunguo: nenda kakate bima yako. Bosi akasema sawa. Sawa ya Bosi inajulikana.

Halafu wiki hii akaja karakana mwanamke muuza mkaa, mkono umefungwa bandeji mpaka juu ya kiwiko. Hakuja na matusi, na afadhali angekuja nayo. Alikaa kwenye kochi ambalo halijamaliziwa, akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba pikapu ilirudi nyuma bila dereva kugeuka, ikambana ukutani, na dereva akamwambia kupitia dirishani, "Nenda kwa dada yangu. Bima ni ya dada."

Fundi alimpeleka kutibiwa. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisi ya bima, na karani wa pale, mwanamke asiyepoteza maneno, alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeacha jiko linawaka akaenda sokoni.

"Umeuza gari, hukutuambia?"

"Nilidhani atakuja mwenyewe."

"Humu ndani jina ni lako. Akiua mtu kesho, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Lete mkataba wa mauziano na stika yenyewe. Nzima. Ikichanika uanzie polisi, ukale na kiapo."

Ndiyo maana asubuhi hii alikuja nyumbani kwa mama yake na chupa ya maji ya moto. Bosi alikuwa ndani anakunywa chai. Pikapu alikuwa ameiacha wazi, ufunguo unaning'inia, kama kawaida yake ya kuamini kwamba dunia nzima ni walinzi wake.

"Bima si imelipiwa?" Bosi alipayuka sasa, uso umegusa kioo. "Imebaki miezi minane! Unataka ioze?"

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ungekata yako ungejua uzito wake."

"Roho mbaya tu hiyo!"

"Ndiyo. Leo ninayo."

Bosi alishika ubavu wa pikapu akaanza kuitikisa. Wembe uliteleza, ukamkata Fundi kidole gumba. Aliweka kidole mdomoni, akamtazama mdogo wake kupitia kioo, na alichokiona hakikuwa yule mtoto aliyembeba mgongoni akiwa na homa. Aliona mdomo mpana unaofoka. Alimchukia. Alimchukia waziwazi, bila aibu, na chuki hiyo ilimtuliza mkono kuliko dua.

Majirani, ambao maji yakikatika huwaoni, walikuwa wametoka wote. Kinyozi wa pembeni alisimama na taulo begani, mteja wake kamwacha na nusu ya kichwa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alitangaza, na hakusogea hata hatua moja. Shamba hana, na jembe pia hana.

Upande wa kushoto wa stika ulinyanyuka. Fundi aliingiza wembe chini yake taratibu, ubapa, akaupeleka mbele kidogo kidogo kama anafumua mshono wa kitambaa cha bei.

Hapo mama yao akatoka ndani. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari, na mkoba wake wa dawa kwapani, kwa sababu leo Bosi alikuwa ampeleke kliniki ya presha.

"Wewe!" alimwambia binti yake kupitia kioo. "Unamvua mwenzako nguo mbele za watu?"

"Mama, amemgonga mtu."

"Amemgusa! Kwani amekufa?"

"Tungoje afe?"

"Mimi nimekulea hivyo? Damu yako unaitolea wembe?"

Stika ilikuwa imebaki kona moja, na kona ya mwisho ndiyo inayochania watu. Alirudia kitambaa cha moto, akahesabu pumzi zake mwenyewe, akavuta. Ilitoka nzima. Kwa muda mfupi alisahau kelele zote, akafurahi kama anavyofurahi ngozi ngumu ikimtii.

Alifungua mlango akashuka. Bosi alirusha mkono aipore, lakini Fundi alikuwa amekwisha kuitia kifuani, pahala ambapo mdogo mtu hathubutu kufuata kitu. Majirani wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu, maana Bosi anaweza kuvumilia hasara, ila kuchekwa hawezi.

"Sawa," alisema. "Nitaendesha hivihivi. Uone. Mama, panda, tunachelewa."

"Ofisi ya bima iko hapo mtaa wa pili," Fundi alisema. Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Twende wote sasa hivi. Ukate yako, ndiyo nifute yangu. Haitachukua muda."

"Nikasimame foleni na wewe? Sahau."

"Basi mama asipande. Nitamkodia teksi. Mama, usipande."

Mama alimtazama binti yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anampima nguo isiyomkaa. "Nimezaa watoto wawili," alisema, "na hakuna aliyezaliwa na bima."

Akaanza kupanda. Goti lake la kulia halikunji vizuri, na kwa mazoea ya miaka yote Fundi alinyoosha mkono kumwinua kiwiko. Mama aliupiga ule mkono. Alipanda mwenyewe, kwa shida, akiguna, akakaa kwenye kiti alichokishona binti yake, akaufunga mlango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haukufunga vizuri. Bosi alitia gia. Pikapu iliingia barabarani bila taa ya kuashiria, lori lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu, na mama hakugeuka.

"Wakipatana, chukua kapu ukavune," kinyozi alimalizia methali yake, lakini hakuna aliyecheka tena.

Fundi alikwenda ofisi ya bima kwa miguu. Njia nzima alijisemea maneno makali ambayo angemwambia mdogo wake, mengine mazuri sana, na kila honi iliposikika yalimkatika.

Karani alikuwa yuleyule. Alipokea mkataba wa mauziano, akausoma mbele na nyuma.

"Kufuta au kusimamisha?"

"Kuna tofauti?"

"Kusimamisha, tunakuwekea mpaka ununue gari lingine. Kufuta ni kufuta. Lakini kwa hilo ulilouza ni yaleyale. Kuanzia nikigonga muhuri, halina kitu."

"Futa."

"Na mnunuzi amekata yake?"

"Hataki."

"Hilo ni lake na polisi." Karani alifungua kibweta cha muhuri. "Basi nikuambie usije ukasema hukuambiwa. Lolote litakalotokea huko halikuhusu tena. Hutaitwa, hutaulizwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Gari liko wapi sasa hivi?"

"Barabarani."

"Lina nani?"

Fundi alitoa stika kifuani. Ilikuwa na joto la mwili wake, na kwenye ukingo palikuwa na alama ndogo ya damu ya kidole. "Lina mama yangu," alisema. "Anapelekwa kliniki."

Karani hakuandika hilo popote. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaishika stika kwa upande wa pili, akavuta. Haikuja. Akavuta tena, safari hii polepole.

"Dada," alisema karani. "Achia."